Sura ya Saba: Nyuzi Bapa na Besi Inayotembea

"Nataka kupiga jazz kwa gitaa la besi. Niweke nyuzi gani?"

Walimu wa besi huulizwa swali hili kila mara, na wengi hujibu kwa neno moja: bapa. Si jibu baya. Lakini mwanafunzi akifika dukani anakuta nyuzi bapa za kila namna, bei zimeachana mbali, pakiti zimejaa namba, na kila kampuni inaapa kwamba yake ndiyo sauti ya zamani. Akichagua kwa jina tu, anaweza kuondoka na nyuzi zinazoshinda nguvu za vidole vyake. Mwenzake aliyenunua bapa nyingine, zenye unene unaokaribiana kabisa na zile, analalamika kwamba zake zimelegea hadi zinagonga shingo la gitaa. Wote wawili wamefuata ushauri uleule.

Sura hii inaegemea upande mmoja: anayechagua nyuzi bapa aanze kwa kuuliza zinavutika kiasi gani mkononi, na noti ikishapigwa inakufa vipi. Chapa na sifa zilizoandikwa pakitini vije baadaye.

Jazz inayozungumziwa hapa ni ile ya Marekani, hasa ya swing, yaani ile ambayo mdundo wake unayumba badala ya kukatika sawasawa. Msomaji aliyekulia na Western Jazz, Dar es Salaam Jazz au Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe anajua kwamba bendi hizo zilipiga dansi, kama vile OK Jazz ya Congo, iliyoanza mwaka 1956, ilivyopiga rumba. Katika swing kazi ya mpiga besi ni nyingine. Anapiga noti moja kwa kila pigo, nne kwa kila kipimo, akipanda na kushuka ngazi za wimbo bila kupumzika. Mtindo huo ndio besi inayotembea, na karibu kila hoja ya sura hii inautegemea.

Ndani ya uzi

Uzi wa besi hauwi waya mmoja. Katikati kuna kiini, waya mwembamba wa chuma unaobeba mvuto wote. Juu ya kiini huzungushwa waya mwingine, tabaka moja au zaidi, ili kuongeza uzito. Bila uzito huo uzi usingeweza kufika chini kwenye noti za besi ukiwa bado umekazika vya kutosha kupigika.

Tabaka la nje ndilo linalogawa makundi. Likiwa la waya wa duara, uso wa uzi hubaki na migongo na mabonde kama bati la nyumba. Hizo ni nyuzi za mviringo, zilizo kwenye magitaa mengi mapya yanayouzwa leo. Likiwa la utepe wa chuma, mikunjo hulala ubavu kwa ubavu na uso unakuwa laini. Hizo ndizo nyuzi bapa.

Kidole kikiteleza juu ya uzi wa mviringo kinatoa mkwaruzo unaosikika hadi kwenye spika. Juu ya uzi bapa kinapita kimya. Freti nazo, yaani vile vijiti vya chuma vilivyolala shingoni, huchakaa polepole zaidi chini ya uso laini. Faida hizi zingetosha kuzipatia nyuzi bapa wanunuzi, lakini jambo kubwa ni sauti yenyewe.

Kila noti hufuatana na msafara. Uzi wa chini kabisa wa besi, ule wa E, hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na hiyo ndiyo sauti ya msingi. Wakati huohuo uzi huo hutikisika kwa vipande: nusu yake mara 82, theluthi yake mara 123, robo yake mara 164, na kuendelea juu. Sauti hizo ndogo zinazoandamana na ya msingi huitwa harmoniki, na zile za juu ndizo zinazoipa noti mng'ao. Ili harmoniki ya juu isikike, uzi lazima ujikunje katika vipande vifupi sana. Uzi bapa ni mgumu kujikunja hivyo, na tepe zake zinasuguana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo mng'ao unazimika mapema na sauti ya msingi inabaki. Uzi wa mviringo ukipigwa unasema "deng". Bapa inasema "dum".

Kati ya makundi haya mawili kuna ndugu wengine. Zipo nyuzi za mviringo zilizosagwa juu zikawa nusu bapa, na zipo zilizovikwa utepe wa nailoni, mara nyingi mweusi, ambazo ni laini zaidi mkononi. Hizo za nailoni hazistahili kupuuzwa: Ron Carter, mmoja wa wapiga besi waliorekodi zaidi katika historia ya jazz, ametumia kwa miaka mingi nyuzi za La Bella za nailoni nyeusi kwenye besi yake ya kusimama.

Sauti inayotafutwa ni ya besi ya kusimama

Leo Fender wa Fullerton, California, alipoanza kuuza gitaa la besi la umeme aliloliita Precision Bass mwaka 1951, shida aliyotaka kuitatua ilikuwa ya uchukuzi na nguvu ya sauti. Besi ya kusimama ni kubwa kuliko anayeipiga, haiingii garini kwa urahisi, na ukumbi ukiwa na tarumbeta nyingi inamezwa. Wanajazz wengi walikidharau chombo hicho kipya. Monk Montgomery, ndugu wa mpiga gitaa Wes Montgomery, hakukidharau. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikipiga katika bendi kubwa ya Lionel Hampton, akawa miongoni mwa wanajazz wa kwanza kusikika nacho.

Nyuzi alizozikuta mpiga gitaa la besi wa enzi hiyo zilikuwa bapa. Hakuna aliyeketi akazibuni kwa ajili ya jazz. Ndizo zilizokuwepo, na zilikaribiana na sauti ambayo watu tayari waliita besi. Besi ya kusimama ya wakati huo bado ilikuwa na nyuzi za utumbo wa kondoo uliosokotwa, zenye mlio mnene unaokwisha haraka. Chuma kilikuja kushika nafasi baadaye, hasa Spirocore za kampuni ya Thomastik-Infeld ya Vienna, ambazo noti yake hudumu zaidi. Hata hivyo kuna waliobaki nusu njia: Charlie Haden aliweka utumbo kwenye nyuzi mbili za juu na chuma kwenye mbili za chini.

Msomaji wa pwani ana njia ya mkato ya kuijua sauti hii. Asikilize taarab asilia ya Zanzibar, ya Culture Musical Club au Nadi Ikhwan Safaa, na masikio yake yaache fidla na ganuni yashuke hadi kwa mpiga besi ya kusimama anayedonoa kwa vidole. Noti inaanza kwa pumzi ya mbao, inajaa, kisha inaondoka. Muziki ni mwingine kabisa, lakini mwendo wa noti ni uleule unaosakwa na mpiga jazz anayenunua nyuzi bapa.

Mambo yaligeuka Uingereza. Mwaka 1966 John Entwistle wa The Who alishirikiana na James How wa kampuni ya Rotosound kutengeneza nyuzi za besi za mviringo zenye mng'ao wa piano. Rock ilizikumbatia. Miaka kumi baadaye, mwaka 1976, Jaco Pastorius alitoa albamu yake ya kwanza akiwa na gitaa la besi lililong'olewa freti, lenye nyuzi za mviringo za Rotosound, na shingo lililopakwa gundi ngumu ya maboti ili nyuzi hizo zisichimbe mbao. Tangu hapo hakuna anayeweza kusema kwa uaminifu kwamba jazz lazima ipigwe kwa nyuzi bapa. Jaco aliufanya uzi wa mviringo uimbe, na wanaotaka kuimba kama yeye wakinunua bapa watapoteza pesa.

*Kwa ufupi:* nyuzi bapa ni za anayetaka gitaa la umeme lijongee kwenye tabia ya besi ya kusimama. Anayetaka besi iimbe mbele ya bendi, yenye mng'ao na mkwaruzo, abaki na mviringo.

Noti iishi kwa muda gani?

Wimbo wa swing wa kasi ya kawaida unaweza kwenda mapigo 200 kwa dakika. Gawanya: kila noti ya besi inayotembea ina sekunde 0.3, kisha inayofuata inagonga mlango. Mng'ao wa noti iliyopita ukiwa bado hewani, mstari unakuwa na matope, na msikilizaji haoni tena miguu ikipanda na kushuka. Uzi bapa unasaidia hapo kwa kazi isiyoonekana: unatoa mwanzo wenye uzito, kisha unapunguza msafara wa harmoniki kabla noti mpya haijafika.

Sababu ya pili iko kwa wenzake jukwaani. Mpiga dramu wa jazz huendesha mdundo kwenye toazi kubwa, ambalo linajaza sauti za juu muda wote wa wimbo. Piano au gitaa linajaza katikati. Uzi wa mviringo ulio mpya unang'aa katika maeneo yote hayo mawili. Uzi bapa unakaa chini, pasipo na mpangaji mwingine.

Hoja hii ina mipaka, na wauzaji huwa hawaitaji. Wimbo wa polepole, wa mapigo 60, unaipa kila noti sekunde nzima, na hapo noti inayokufa mapema inaacha shimo. Bapa zinatofautiana sana katika jambo hili. Nyingine zinashikilia noti vizuri, nyingine zinaitupa. Mpaka wa pili ni spika. Amplifaya ndogo ya mazoezi haiwezi kuusukuma vizuri mtikisiko wa mara 41 kwa sekunde. Sikio la mwanadamu hujaziliza pengo hilo lenyewe kwa kusikia harmoniki na kukisia sauti ya msingi iliyo chini yake. Nyuzi zikiwa zimezimwa mno, kwenye spika ndogo, ndani ya baa yenye kelele, sikio linakosa cha kukisia. Besi inageuka mngurumo usio na jina. Mpigaji wa aina hiyo ya kumbi anahitaji bapa yenye mng'ao kiasi, hata kama nyumbani anapenda iliyo nzito na nyeusi.

Namba za pakitini zinasema nusu tu

Pakiti ya nyuzi nne za besi huandikwa namba kama 45, 65, 85 na 105. Ni unene wa kila uzi kwa sehemu za elfu za inchi, kuanzia ule mwembamba wa G hadi ule mnene wa E. Uzi wa 45 una milimita 1.14, wa 105 una milimita 2.67. Wanunuzi wengi huishia hapo, wakiamini unene mdogo ni ulaini na unene mkubwa ni ugumu.

Ukweli una hatua moja zaidi. Noti ya uzi hutokana na vitu vitatu: urefu wake, uzito wake, na mkazo wake, yaani nguvu inayouvuta kati ya ncha mbili. Kwenye gitaa la besi urefu haubadiliki. Wa kawaida ni inchi 34, sawa na sentimita 86.4. Noti nayo imeshajulikana. Vilivyobaki ni uzito na mkazo, na viwili hivi vimefungwa pamoja: uzi ukiwa mzito, lazima ukazwe zaidi ili ufike kwenye noti ileile. Kwa nyuzi zilizotengenezwa kwa namna moja, kuhama kutoka 100 kwenda 105 kunaongeza mkazo kwa karibu asilimia 10. Kidole kinaujua huo upesi sana, hasa katika saa ya pili ya onyesho.

Ila kampuni mbili hazitengenezi uzi kwa namna moja. Moja inatumia kiini chembamba na tabaka nyingi, nyingine kiini kinene. Moja inatumia nikeli, nyingine chuma cha pua. Nyuzi mbili zenye 100 ileile pakitini zinaweza kuwa na uzito tofauti, kwa hiyo mkazo tofauti. Tena utepe bapa hauachi mapengo kama waya wa duara, hivyo uzi bapa kwa kawaida ni mzito na una mkazo zaidi kuliko wa mviringo wenye unene sawa. Ndiyo sababu anayehama kutoka mviringo ya 105 kwenda bapa ya 105 hushangaa kuona shingo la gitaa limejipinda.

Kampuni kadhaa huchapisha mkazo wa kila uzi kwa kilo au pauni. Hilo ndilo jedwali la kusomwa kwanza.

Wenye magitaa mafupi wana hesabu yao. Besi ya inchi 30, kama Höfner aliyoipa umaarufu Paul McCartney, ikifungwa uzi wenye uzito uleule na kupandishwa hadi noti ileile, mkazo unapungua kwa asilimia 22. Bapa inayoshinda vidole kwenye gitaa refu inaweza kuwa tamu kwenye fupi, na ile laini ikageuka kamba ya kuanikia nguo. Nyuzi za magitaa mafupi huuzwa peke yake, na mnunuzi ahakikishe pakiti imesema hivyo.

Hadithi ya Jamerson, na kinachosahauliwa ndani yake

Anayesoma kuhusu nyuzi bapa atakutana na James Jamerson kabla hajafika mbali. Alihamia Detroit mwaka 1954 akiwa kijana, akajifunza besi ya kusimama, akapiga jazz kwenye klabu za mji huo, kisha akaingia kwenye studio ya Motown na kuibeba besi ya nyimbo za pop zisizohesabika. Gitaa lake maarufu lilikuwa Precision ya mwaka 1962. Nyuzi zake zilikuwa La Bella bapa, nene mno: 52 hadi 110. Hakuzibadilisha isipokuwa ukikatika mmoja. Chini ya kifuniko cha daraja, yaani pale nyuzi zinapofungwa mwilini mwa gitaa, palikuwa na sponji inayozigusa na kuzinyamazisha kidogo. Na mkono wa kulia ulidonoa kwa kidole kimoja tu, cha shahada.

Watu husoma haya wakakimbilia seti ya 52 hadi 110, ambayo La Bella bado inaiuza. Wengi huijutia. Jamerson alikuwa na mikono iliyokomazwa na besi ya kusimama, ambayo nyuzi zake ziko juu ya shingo kwa umbali unaotisha mpiga gitaa. Mkazo ule kwake ulikuwa wa kawaida. Tena sauti yake ilitokana na vitu vinne kwa pamoja: nyuzi nzee, sponji, kidole kimoja, na pikapu ya katikati ya Precision, kifaa cha sumaku kinachonasa mtikisiko wa uzi. Kuchukua kimoja na kuacha vitatu ni kupata uchovu wa mkono bila sauti.

Carol Kaye naye alitoka kwenye jazz. Alikuwa mpiga gitaa katika klabu za Los Angeles kabla ya kuwa mpiga besi wa studio, na alipiga kwa risha, juu ya nyuzi bapa, akiwa ameweka kitambaa kizito karibu na daraja. Risha huongeza ncha kali mwanzoni mwa noti, kitambaa kinakata mkia wake. Njia yake iko mbali na ya Jamerson, lakini wote wawili walikuwa wakishughulikia tatizo lilelile la noti isiyojua kuondoka.

Kwa hiyo jaribio la kwanza halina gharama. Kabla ya kununua chochote, mpigaji akate kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, akichomeke chini ya nyuzi zake za mviringo karibu na daraja kikiwa kinazigusa kwa upole, ashushe kitufe cha sauti za juu hadi karibu na mwisho, na asogeze mkono wa kulia uelekee shingoni. Apige besi inayotembea kwa dakika kumi akifuata rekodi. Akipenda anachosikia, nyuzi bapa zitampa hicho kwa ubora zaidi. Akiona sauti imekufa na kumchosha, basi amejiokoa na gharama.

Pakiti nne na tabia zake

Soko lina nyingi, lakini nne zinatosha kuonyesha jinsi bapa zinavyoachana.

- Thomastik-Infeld Jazz Flats, seti ya JF344, yenye 43, 56, 70 na 100. Ni za nikeli, laini sana mkononi, mkazo mdogo. Katikati ya sauti inaimba, na noti hudumu kuliko bapa nyingi. Ni ghali.
- D'Addario Chromes, seti ya ECB81, yenye 45, 65, 80 na 100. Ni za chuma cha pua kilichong'arishwa. Zina mng'ao kuliko bapa nyingine nyingi na mkazo unaosikika, hasa zikiwa mpya.
- La Bella Deep Talkin' Bass, ama 760FL yenye 43 hadi 104, ama 760FS yenye 45 hadi 105. Chuma cha pua, sauti nzito ya zamani, noti yenye mwanzo wa ngumi.
- Rotosound 77, za moneli, ambayo ni mchanganyiko wa nikeli na shaba hasa. Ngumu kwa mkono, kali kuliko mtu anavyotarajia kutoka kwa uzi bapa.

Orodha haimwambii mtu achukue ipi. Mwenye mkono mwepesi, anayegusa badala ya kung'oa, atafurahia Thomastik. Mwenye mkono mzito aziepuke, maana nyuzi laini zikipigwa kwa nguvu zinachapa freti na kutoa kelele. Huyo anahitaji kitu kinachompinga, na La Bella ya 760FS inapinga vizuri. Chromes ni chaguo la mwenye amplifaya ndogo, na pia la anayepiga jazz Ijumaa na gospeli Jumapili kwa gitaa moja. Kama mtu hajui mkono wake ni wa aina gani, 760FL ni mahali salama pa kuanzia.

Kwa gitaa lisilo na freti, bapa ina hoja ya ziada ambayo haihusu ladha: haichimbi mbao za shingo. Jaco alilazimika kupaka gundi ya maboti. Mwenye bapa halazimiki.

Kuzifunga bila kuziharibu

Uzi bapa haupendi kukunjwa. Ncha yake imefungwa hariri ya rangi, na sehemu hiyo yenye hariri ndiyo inayotakiwa kuzungushwa kwenye kigingi cha kukazia. Utepe wa chuma ukilazimishwa kujikunja pale, unaweza kufunguka au kuvunjika. Hivyo urefu uangaliwe kabla ya kununua. Baadhi ya magitaa hupitisha nyuzi kutoka nyuma ya mwili badala ya kwenye daraja, na kona ile kali ni adui wa nyuzi bapa; kampuni kadhaa hukataza kabisa matumizi hayo.

Kabla ya kukata mkia uliozidi, uzi upindwe kwanza kwa koleo kwa pembe ya mraba, kisha ukatwe baada ya kona hiyo. Hii ni muhimu zaidi kwa nyuzi zenye kiini cha duara, ambazo tabaka zake zinaweza kuteleza zikikatwa zikiwa zimenyooka. Uzi ulioteleza hivyo hausikiki vizuri tena, na hakuna fundi wa kuurudisha.

Kisha shingo. Mkazo ukibadilika, shingo nalo linahama, na fimbo ya chuma iliyofichwa ndani yake inatakiwa kurekebishwa. Asiyewahi kuigusa ampe fundi kazi hiyo; anayejifunza mwenyewe azungushe robo ya mzunguko kwa wakati mmoja. Kizingiti nacho kitazamwe, kile kipande kidogo chenye mifereji pale shingo linapokutana na kichwa. Uzi mnene kuliko mfereji wake utapanda juu na noti za mwanzo wa shingo zitakuwa kali.

*Kwa ufupi:* pima urefu, pinda kabla ya kukata, kagua shingo na kizingiti siku ileile na tena baada ya siku chache.

Bei, jasho na muda

Seti ya bapa hugharimu takribani mara mbili ya mviringo, na Thomastik hupita hapo. Dar es Salaam au Mombasa, ambako seti huenda ikalazimika kuagizwa nje, usafirishaji nao unajiongeza. Wapo wanaoishia hapo na kuacha. Hesabu inabadilika mtu akitazama miaka. Uzi wa mviringo hupoteza mng'ao jasho na uchafu wa ngozi vikijaa kwenye mabonde yake, na joto la pwani pamoja na hewa ya chumvi huharakisha kazi hiyo. Kuna wanaozichemsha sufuriani ili kuzihuisha. Bapa haina mabonde ya kujaza, na mng'ao haukuwa mtaji wake tangu mwanzo. Inafutwa kwa kitambaa kikavu baada ya kupiga, inawekwa kando, na inaweza kukaa kwenye gitaa miaka mingi ikizidi kupendwa.

Hilo linafanya nyuzi bapa zilizotumika ziwe bidhaa yenye maana. Mpigaji anayeacha bapa mara nyingi huziuza zikiwa zimeshatulia, kwa bei nafuu. Cha kukagua ni mahali zilipokunjwa: uzi uliokatwa kwa ajili ya gitaa fupi hautafika kwenye refu, na kona ya zamani ikiangukia kati ya daraja na kizingiti, uzi huo haufai.

Aliyenunua mpya asizihukumu usiku wa kwanza. Hata Chromes, hata La Bella, hutoka pakitini zikiwa na mlio wa chuma ambao wengi huuchukulia kuwa kasoro. Wiki chache za kupigwa kila siku hushusha mlio huo, na vidole navyo vinazoea mvuto mpya. Wakati huo wote seti ya mviringo iliyotolewa ikunjwe irudi kwenye pakiti yake, na kila uzi uandikwe jina. Itatakiwa siku bendi itakapoomba wimbo wa Jaco.